James Madison

James Madison (16 Machi 1751 – 28 Juni 1836) alikuwa mwanasiasa wa Marekani kutoka jimbo la Virginia na Rais wa nne wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1809 hadi 1817. Kwa sababu ya mchango wake katika kuandaa na kutetea Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 huitwa mara nyingi Baba wa Katiba.

Katika karibu miaka 60 ya maisha yake ya kisiasa alishughulika na swali moja kuu: ni madaraka gani yawe ya serikali kuu, ni yapi yabaki mikononi mwa majimbo, na ni nani mwenye neno la mwisho pande hizo mbili zinapogongana. Majibu yake hayakuwa yaleyale nyakati zote. Kutokana na hilo, watetezi wa serikali kuu yenye nguvu na watetezi wa haki za majimbo wamelitumia jina lake kwa zamu.

Maisha ya awali

Madison alizaliwa Port Conway, Virginia, nyumbani kwa wazazi wa mama yake, Nelly Conway. Baba yake, aliyeitwa pia James Madison, alikuwa na shamba kubwa la tumbaku katika Kaunti ya Orange, lililolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. James alikuwa wa kwanza kati ya watoto 12, na alikulia katika shamba hilo ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Montpelier.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba na mwenye afya dhaifu. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wasikilizaji walilazimika kumsogelea. Mwaka 1769 alijiunga na Chuo cha New Jersey, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton. Alimaliza masomo mwaka 1771, akabaki kwa miezi kadhaa kusoma Kiebrania na falsafa chini ya mkuu wa chuo, John Witherspoon.

Kuingia katika siasa

Mwaka 1776, makoloni 13 yalipojitenga na Uingereza, Madison alikuwa mjumbe wa mkutano ulioandaa katiba ya kwanza ya Virginia. Hapo alisaidia kurekebisha kifungu kuhusu dini ili kitambue uhuru wa dini kama haki ya kila mtu, badala ya jambo ambalo serikali inalivumilia tu. Mwaka uliofuata alishindwa katika uchaguzi wa bunge la jimbo, baada ya kukataa kuwanywesha wapiga kura pombe kama ilivyokuwa desturi.

Kuanzia mwaka 1780 hadi 1783 aliiwakilisha Virginia katika Kongresi, chombo kilichoyaunganisha majimbo wakati wa vita vya uhuru. Huko alijionea udhaifu wa muungano wa wakati huo. Kila jimbo lilijiona nchi kamili. Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliweza tu kuyaomba majimbo yachangie, na mengi hayakulipa au yalilipa kidogo. Mkataba wa muungano haukuweza kubadilishwa bila ridhaa ya majimbo yote 13. Pendekezo la mwaka 1781 la kuipa Kongresi ushuru wa forodha lilikwama kwa sababu jimbo dogo la Rhode Island lilikataa. Wakati huo huo jeshi lilikuwa likidai mishahara na nchi ilikuwa na madeni Ulaya.

Aliporudi katika bunge la Virginia mwaka 1784, aliongoza upinzani dhidi ya mswada wa kuwalipa walimu wa dini kutoka katika kodi. Mwaka 1786 alifanikisha kupitishwa kwa sheria ya uhuru wa dini ambayo rafiki yake Thomas Jefferson alikuwa ameiandika miaka kadhaa kabla. Uzoefu wa bunge hilo ulimfundisha jambo jingine: wabunge wengi wa jimbo wanaweza kuwaonea wachache, na ndani ya jimbo lenyewe hapakuwa na wa kuwazuia.

Mkutano wa Katiba wa 1787

Mnamo Septemba 1786 Madison alihudhuria mkutano wa biashara mjini Annapolis, ambako yalifika majimbo 5 tu. Wajumbe waliitisha mkutano mkubwa zaidi mwaka uliofuata mjini Philadelphia. Katika miezi hiyo wakulima wenye madeni wa Massachusetts waliasi chini ya Daniel Shays, na Kongresi haikuwa na jeshi wala fedha za kuisaidia serikali ya jimbo. Tukio hilo liliwafanya watu wengi, akiwemo George Washington, wakubali kwamba mabadiliko yalihitajika.

Madison alijiandaa kuliko mjumbe mwingine yeyote. Alisoma vitabu ambavyo Jefferson alimtumia kutoka Paris, akachunguza miungano ya Ugiriki ya kale, Uswisi, Uholanzi na Ujerumani. Aliona kwamba miungano hiyo ilidhoofika kwa namna inayofanana: kituo kilitegemea hiari ya wanachama wake. Kwa maoni yake, serikali kuu ilipaswa kumfikia raia moja kwa moja kwa sheria, kodi na mahakama zake, bila kupitia serikali za majimbo.

Mkutano ulianza tarehe 25 Mei 1787, ukahudhuriwa na wajumbe 55 kutoka majimbo 12; Rhode Island haikutuma mtu. Tarehe 29 Mei gavana wa Virginia, Edmund Randolph, aliwasilisha Mpango wa Virginia, ambao kwa sehemu kubwa ulitokana na mawazo ya Madison. Mpango huo ulipendekeza serikali yenye mihimili mitatu na bunge la vyumba viwili, ambamo uwakilishi ungefuata idadi ya watu au michango ya fedha. Pia uliipa Kongresi uwezo wa kufuta sheria za majimbo zinazopingana na katiba ya muungano. Madison mwenyewe alitaka uwezo huo uhusu sheria zote za majimbo.

Alishindwa katika mambo mawili aliyoyathamini sana. Majimbo madogo yalikataa uwakilishi wa idadi ya watu katika vyumba vyote viwili. Tarehe 16 Julai, kwa kura 5 dhidi ya 4 huku wajumbe wa Massachusetts wakigawanyika nusu kwa nusu, mkutano uliamua kwamba kila jimbo liwe na kura sawa katika Seneti. Muda mfupi baadaye mkutano ulikataa pia uwezo wa Kongresi kufuta sheria za majimbo. Badala yake uliwekwa utaratibu wa kimahakama: Katiba na sheria za muungano zikawa sheria kuu ya nchi, na majaji wa kila jimbo wakafungwa nazo. Madison alihofia kwamba kinga hiyo haitatosha.

Katiba ilitiwa saini na wajumbe 39 tarehe 17 Septemba 1787. Ilikuwa na maafikiano kuhusu utumwa pia. Watumwa walihesabiwa kwa kiwango cha tatu kwa tano katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, jambo lililoyaongezea nguvu majimbo ya kusini, na Kongresi ilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa hadi mwaka 1808. Madison alipinga kipindi hicho kirefu, lakini aliitetea Katiba nzima.

Kuitetea Katiba

Ili Katiba ianze kutumika ilibidi iridhiwe na majimbo 9. Pamoja na Alexander Hamilton na John Jay, Madison aliandika mfululizo wa makala 85 zinazojulikana kama The Federalist, zilizochapishwa kwa jina la bandia la Publius. Yeye aliandika 29 kati yake. Katika makala ya 10 alieleza kwamba nchi kubwa yenye makundi mengi ni salama zaidi kuliko ndogo, kwa kuwa ni vigumu kwa kundi moja kupata wingi na kuwakandamiza wengine. Katika makala ya 39 alionyesha kwamba mfumo mpya ni mchanganyiko: katika mambo fulani ni serikali ya taifa moja, katika mengine ni muungano wa majimbo. Katika makala ya 45 alisisitiza kuwa madaraka ya serikali kuu yametajwa na yana mipaka, hasa vita, amani na biashara ya nje, ilhali majimbo yanabaki na mambo mengi ya maisha ya kila siku.

Mnamo Juni 1788 mkutano wa Virginia ulijadili Katiba hiyo. Mpinzani mkuu alikuwa Patrick Henry, msemaji hodari aliyeonya kwamba serikali mpya itayameza majimbo. Madison, kwa sauti yake ndogo na wakati mwingine akiwa mgonjwa, alijibu kifungu kwa kifungu. Katiba iliridhiwa kwa kura 89 dhidi ya 79.

Hati ya Haki

Henry na wafuasi wake walimzuia Madison kupata kiti cha Seneti. Hivyo mwaka 1789 aligombea Baraza la Wawakilishi na kumshinda James Monroe, baada ya kuwaahidi wapiga kura kwamba atatafuta marekebisho ya kulinda haki za raia. Awali aliona orodha ya haki kuwa haina faida kubwa, lakini barua za Jefferson na hofu ya wananchi zilimbadilisha.

Tarehe 8 Juni 1789 aliwasilisha mapendekezo yake. Mengi yalikataza serikali kuu kuvunja uhuru wa dini, wa kusema na wa magazeti. Pendekezo moja, ambalo yeye aliliona kuwa la thamani kuliko yote, lilikataza majimbo yenyewe kuvunja uhuru wa dhamiri, uhuru wa magazeti na haki ya kuhukumiwa na baraza la wazee wa mahakama. Baraza la Wawakilishi lililikubali, lakini Seneti ikalifuta. Marekebisho 10 yaliridhiwa kufikia tarehe 15 Desemba 1791 na kuitwa Hati ya Haki. La kumi linasema kwamba madaraka ambayo Katiba haikuyapa muungano wala kuyakataza kwa majimbo yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Wabunge waliotaka kulibana zaidi, ili serikali kuu iwe na madaraka yaliyotajwa waziwazi tu, walipingwa na Madison. Alisema hakuna katiba inayoweza kuorodhesha kila jambo dogo.

Kuhamia upande wa majimbo

Miaka miwili tu baadaye Madison alionekana akisimama upande mwingine. Hamilton, akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza serikali kuu ichukue madeni ya vita ya majimbo. Madison alipinga, kwa kuwa Virginia ilikuwa imeshalipa sehemu kubwa ya deni lake. Mwaka 1790 yalifikiwa maafikiano: madeni yalichukuliwa na serikali kuu, na mji mkuu ukaamuliwa kujengwa kando ya mto Potomac, mpakani mwa Virginia na Maryland.

Mwaka 1791 Hamilton aliomba Kongresi ianzishe benki ya taifa. Madison alidai kwamba Katiba haikutoa uwezo huo, na kwamba kifungu kuhusu sheria za lazima na zinazofaa kikipanuliwa namna hiyo, mipaka yote ya serikali kuu itatoweka. Rais Washington alisaini sheria ya benki kwa muda wa miaka 20. Kutokana na mabishano hayo Madison na Jefferson walianzisha Chama cha Democratic-Republican, kilichopinga chama cha Federalist cha Hamilton.

Mwaka 1794 Madison alimwoa Dolley Payne Todd, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Hawakujaliwa watoto wao wenyewe.

Mwaka 1798, chini ya Rais John Adams, Kongresi ilipitisha sheria dhidi ya wageni na dhidi ya uchochezi. Sheria ya uchochezi ilifanya kuwa kosa kuchapisha maandishi ya uongo na ya kashfa dhidi ya serikali, Kongresi au Rais, na wahariri kadhaa wa magazeti ya upinzani walifungwa. Jefferson aliandika kwa siri maazimio yaliyopitishwa na bunge la Kentucky. Madison, naye kwa siri, aliandika yale ya Virginia. Maazimio ya Virginia yalisema kwamba Katiba ni mapatano ya majimbo, na kwamba serikali kuu ikivuka mipaka kwa hatari, majimbo yana haki na wajibu wa kuingilia kati. Hakuna jimbo lingine lililoyaunga mkono, na kadhaa yalijibu kwamba kazi ya kuamua uhalali wa sheria ni ya mahakama. Katika ripoti yake ya mwaka 1800 Madison alifafanua kwamba maazimio hayo ni tamko la maoni, lenye lengo la kuwaamsha wananchi na majimbo mengine.

Waziri na Rais

Jefferson alipokuwa Rais mwaka 1801 alimteua Madison kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Katika kipindi hicho Marekani ilinunua eneo la Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803, ingawa Katiba haikutaja uwezo wa kununua nchi. Katika mwaka huo huo kesi ya Marbury dhidi ya Madison iliiwezesha Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, kutamka kwamba inaweza kubatilisha sheria inayopingana na Katiba.

Madison alipochukua urais mwaka 1809 alikuta mgogoro na Pennsylvania. Gavana wa jimbo hilo, Simon Snyder, alikuwa ameita wanamgambo kuzuia hukumu ya mahakama ya shirikisho isitekelezwe, akamwomba Rais aingilie kati. Madison alijibu kwamba Rais analazimika kuitekeleza hukumu hiyo, na jimbo likarudi nyuma.

Mtihani mkubwa ulikuwa vita dhidi ya Uingereza vilivyotangazwa tarehe 18 Juni 1812. Muda wa benki ya taifa ulikuwa umekwisha mwaka 1811, baada ya kura za Seneti kulingana na Makamu wa Rais George Clinton kupiga kura ya kuikataa. Serikali iliingia vitani bila chombo cha kuikopesha. Magavana wa Massachusetts na Connecticut walikataa kuweka wanamgambo wao chini ya amri ya serikali kuu. Tarehe 24 Agosti 1814 askari wa Uingereza waliingia Washington na kuchoma Ikulu na jengo la Kongresi. Mwishoni mwa mwaka huo wajumbe kutoka majimbo ya New England walikutana Hartford kudai marekebisho ya Katiba, wakitumia hoja za mamlaka ya majimbo zinazofanana na zile za Virginia za mwaka 1798. Madison hakuwakamata wapinzani wake wala kuwafungia magazeti. Mkataba wa amani wa Ghent, uliotiwa saini tarehe 24 Desemba 1814, pamoja na ushindi wa New Orleans wa Januari 1815, viliuacha mkutano wa Hartford bila nguvu.

Baada ya vita Madison alisaini sheria ya Benki ya Pili ya Marekani mwaka 1816. Alieleza kwamba desturi ya miaka mingi na kukubaliwa na wananchi kumemaliza mjadala wa uhalali wake. Lakini tarehe 3 Machi 1817, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, alikataa kusaini mswada wa kutumia fedha za benki kujenga barabara na mifereji. Aliziona kazi hizo kuwa na faida kubwa, ila alishikilia kwamba kwanza Katiba ifanyiwe marekebisho.

Miaka ya mwisho

Madison alistaafu Montpelier, na baada ya kifo cha Jefferson mwaka 1826 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Virginia. Wakati huo jimbo la South Carolina, likiongozwa na mawazo ya John C. Calhoun, lilidai kwamba jimbo moja linaweza kubatilisha sheria ya muungano ndani ya mipaka yake. Wafuasi wa dai hilo waliyataja maazimio ya Virginia kama msingi wao.

Mzee huyo alilikataa dai hilo. Katika barua iliyochapishwa mwaka 1830 alieleza kwamba mwaka 1798 alizungumzia majimbo kwa pamoja, wala si jimbo moja kujiamulia. Alisisitiza kwamba Katiba ilifanywa na wananchi wa majimbo yote na haiwezi kubadilishwa kwa utashi wa jimbo moja. Migogoro ya kawaida iamuliwe na Mahakama Kuu, na njia nyingine ni uchaguzi na marekebisho ya Katiba. Kazi yake ilifanywa ngumu zaidi na maandishi ya Jefferson, ambaye katika rasimu yake ya Kentucky alikuwa amelitumia neno la ubatilishaji. Mnamo Novemba 1832 South Carolina ilitangaza kubatilisha sheria za ushuru wa forodha. Rais Andrew Jackson alitishia kutumia nguvu, na mwaka 1833 mgogoro ulimalizwa kwa kupunguza ushuru.

Utumwa

Madison aliuona utumwa kuwa uovu, lakini alimiliki zaidi ya watu 100 na hakuwapa uhuru katika wosia wake. Aliunga mkono chama kilichowapeleka Waamerika weusi walio huru Liberia, akawa rais wake mwaka 1833. Baada ya kifo chake Dolley, akiwa na madeni, aliliuza shamba la Montpelier mwaka 1844, na watu wengi waliofanya kazi hapo waliuzwa. Mmoja wa watumwa wake, Paul Jennings, aliyekuwepo Ikulu mwaka 1814 na kando ya kitanda cha Madison alipofariki, alipata uhuru baadaye na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1865.

Kifo na urithi

Madison alifariki Montpelier tarehe 28 Juni 1836 akiwa na umri wa miaka 85. Alikuwa wa mwisho kufariki kati ya watu waliotia saini Katiba ya mwaka 1787. Kumbukumbu alizoziandika siku kwa siku katika mkutano wa Philadelphia zilichapishwa mwaka 1840, na hadi leo ndizo chanzo kikuu cha habari za mkutano huo. Mji wa Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin, uliitwa kwa jina lake.

Miaka 25 baada ya kifo chake majimbo ya kusini yalijitenga ili kulinda utumwa, na swali la mipaka ya majimbo likaamuliwa kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Rekebisho la 14 la mwaka 1868 lilikataza majimbo kumnyima mtu haki bila kufuata sheria au kumnyima ulinzi sawa wa sheria. Kwa njia hiyo, hasa kutokana na hukumu za Mahakama Kuu katika karne ya 20, wazo ambalo Seneti ililifuta mwaka 1789 liliingia katika sheria ya Marekani kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 wanasiasa wa kusini waliopinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja waliyarudia tena maazimio ya Virginia ya mwaka 1798.

Wanahistoria bado wanatofautiana kuhusu mabadiliko ya Madison. Wengine wanaona kwamba aligeuka kwa sababu ya siasa za chama na maslahi ya Virginia. Wengine wanaona kwamba lengo lake lilikuwa moja, yaani kuzuia upande wowote usiwe na nguvu kupita kiasi: mwaka 1787 aliiona hatari katika majimbo, mwaka 1798 katika serikali kuu, na mwaka 1830 katika majimbo tena.